Kengele ya Dereva wa Pembeni

Daktari wa meno aliyetaka kulinunua gari langu alikuwa na sharti moja tu: kengele inyamaze. Hakujali kwamba gari lina miaka kumi na tisa. Hakujali doa la mafuta linaloachwa kila linapoegeshwa, wala ile tabia yake ya kuishiwa hewa usiku na kuamka limepiga magoti. Hayo alisema ameyasoma yote, na kwake ndiyo raha ya kumiliki Sanduku. Lakini kengele ya mkanda inayolia kwa ajili ya kiti kitupu, hiyo hapana. Siku aliyokuja kulijaribu alikaa nayo dakika kumi, akashuka ameshika sikio.

"Ukiitengeneza, Jumamosi nakuja na mke wangu kulichukua," aliniambia. "Isipotengenezeka, mzee wangu, tusameheane."

Nikamjibu kwamba nitajitahidi. Nilikuwa namdanganya mchana kweupe. Moyoni nilikuwa naomba fundi ashindwe.

Nieleze kwanza Sanduku ni nini, maana watu wa siku hizi wanalijua kwa kuliona limeegeshwa mbele ya hoteli kubwa na wanadhani lilizaliwa hapo. Kampuni yake ina jina refu la kigeni ambalo ofisini kwetu, idara ya upimaji ardhi, hakuna aliyelitamka bila kujing'ata ulimi. Walianza kama watengenezaji wa pampu za maji. Baada ya vita wakabaki na shehena ya mabati mepesi wasiyojua wayafanyie nini, wakaamua kutengeneza gari la mkulima. Kiwanda hakikuwa na mashine ya kukunja bati, kwa hiyo kila upande ulitoka bapa: milango bapa, paa bapa, kioo cha mbele kimesimama wima. Wapimaji walipoliona wakaliita Sanduku, na jina likaganda.

Mimi nililikuta nikiwa na miaka ishirini na miwili. Kazi yangu ilikuwa kushika mnyororo wa kupimia, na mshika mnyororo alikaa nyuma, kwenye benchi la chuma, amebanwa na vigingi na miguu ya darubini. Ndani liliogeshwa kwa mpira wa maji. Paa lilivuja. Redio haikuwapo, na kama ingekuwapo usingeisikia kwa ngurumo. Lakini lilivuka mito iliyowashinda wengine, na likikwama, mtu yeyote mwenye spana na kipande cha waya aliliamsha. Nililipenda mpaka wenzangu wakanicheka. Nikajiapiza kwamba siku moja nitakaa kiti cha mbele, na lisiwe gari la idara.

Ilinichukua miaka thelathini. Kampuni nayo haikunisubiri. Matajiri waligundua kwamba gari la shamba linawafanya waonekane watu wenye shughuli, basi wakaletewa viti vya ngozi, kisha mbao zilizong'arishwa, kisha mifuko ya hewa badala ya springi, kisha friji katikati ya viti. Kampuni ikauzwa, ikauzwa tena, na kila mwenye nayo mpya aliongeza kitu kinachong'aa na kuondoa kitu kinachotengenezeka kwa waya. Nilipopata langu, mkononi mwa meneja wa kiwanda cha saruji aliyekuwa anahama, Sanduku halikuwa sanduku tena. Lilikuwa limelainika kila kona kama kipande cha sabuni kilichotumika. Ila alama puani ilikuwa ileile, na mimi ni mtu wa alama.

Mke wangu alilizunguka mara moja. Yeye alikuwa msahihishaji katika kiwanda cha uchapaji, kazi yake kusoma vitabu na fomu kabla hazijachapwa ili atafute makosa, na ndivyo alivyolitazama gari. Akapanda kiti cha abiria, miguu ikaning'inia.

"Umenunua sebule yenye magurudumu," akasema.

Kisha akabonyeza kitufe, kiti kikasogea mbele, mbele, mbele, mpaka magoti yakakaribia dashibodi. Hapo ndipo alipokaa miaka kumi na sita. Nilimwita Dereva wa Pembeni, kwa sababu alikuwa akifunga breki kwa mguu mahali pasipo na breki, na alijua taa imekuwa nyekundu kabla taa yenyewe haijajua.

Na mkanda alikuwa hafungi. Si kwamba hakuutaka. Alikuwa hafungi mpaka amalize kuketi, na kuketi kwake kulikuwa na hatua: mkoba mahali pake, mtandio mahali pake, miwani itolewe kwenye kibweta, ifutwe, ivaliwe. Gari zima linapiga kengele, mimi nanung'unika, yeye ananyoosha kiganja kama askari wa barabarani. "Nimeketi kwanza?" Kengele ililia kuanzia getini kwetu hadi duka la kona. Pale dukani, si nyumba moja kabla, si nyumba moja baada, aliuvuta mkanda, ukaingia, kimya kikaja. "Haya," anasema, "sasa nimefika garini."

Yeye ndiye aliyeanzisha daftari. Mtu aliyesahihisha maandishi ya watu miaka thelathini hawezi kuona kosa akaliacha lipite. Alinunua daftari la jalada gumu, akapiga mistari kwa rula, safu tatu: Tarehe, Kosa, Chanzo. Wino mwekundu. *Kosa: limelala upande wa kulia. Chanzo: mfuko wa hewa umechoka. Kosa: taa za ndani haziwaki. Chanzo: umeme.* Neno hilo, umeme, lilijaza kurasa, maana umeme wa Sanduku ni kichaa na wenye nalo wote tunajua, tukikutana tunacheka na kuoneshana makovu. Palikuwa pia na hili: *Kosa: limezima njiani. Chanzo: mume wangu hakuweka mafuta.* Nilimsihi alifute. Akasema daftari halina mjomba.

Mwaka juzi alilazwa. Siku kumi na moja. Siku ya tatu aliniomba miwani yake na gazeti.

"Miwani ipo kwenye gari," akasema. "Pale kitini kwangu."

Nilishuka kuangalia. Nikapanda tena wodini, nikamwambia nimetafuta kote, haipo.

"Ipo," akasema.

Nikamwambia dawa zinamchanganya. Nikatoka, nikamnunulia miwani ya kusomea kwenye meza ya mtu mbele ya lango la hospitali. Akaivaa, akalitazama gazeti, akaivua. "Hii ya mtu mwingine," alisema. Siku nane zilizobaki alikuwa akilishika gazeti na kutazama picha.

Baada ya mazishi nilibaki na nyumba. Sitaki kuipamba: upweke ulinila. Nilikuwa na vyumba vitatu na sauti ya friji. Binti yetu, mtoto wetu wa pekee, anafanya kazi mji mwingine, na kila jioni alipiga simu kuniuliza kama nimekula. Nilisema nimekula. Mchana nilikuwa natoka na gari bila safari, mpaka barabara kuu, kwa sababu moja ninayoona aibu kuitaja. Wenye Sanduku tuna desturi: tukipishana, tunawashiana taa mara mbili. Basi. Hamjuani, hamtajuana, lakini mara mbili. Kuna siku hiyo ndiyo salamu pekee niliyoipata tangu asubuhi, nikageuza gari nikarudi nyumbani nimeridhika.

Miezi minane ilipita hivyo. Ndipo shemeji yangu, mdogo wa marehemu mke wangu, akaniomba cherehani ya dada yake. Nikaona ni haki. Niliibeba mwenyewe, nikaiweka sakafuni mbele ya kiti cha abiria, na ili ienee nikabonyeza kile kitufe na kukirudisha kiti nyuma kabisa. Ilikuwa mara ya kwanza kukisogeza tangu alipokisogeza yeye. Nilimpelekea cherehani, kengele ikilia njia nzima nikadhani ni uzito wake, tukanywa chai, nikaondoka. Nawasha gari tu, kengele ikalia tena.

Nikautazama mkanda wangu. Nimeufunga. Nikatazama dashibodi: taa nyekundu, picha ya mtu ameketi, upande wa abiria. Kiti kilikuwa kitupu. Mimi ni mpimaji wa ardhi, sina muda na mizimu. Lakini nilisema kwa sauti, na ninakumbuka nilivyosema: "Funga mkanda basi, mama."

Nikaendesha hivyohivyo, kengele inalia, mpaka mtaani kwetu. Nilipofika duka la kona nikanyoosha mkono, nikauvuta mkanda wake, nikauingiza. Kimya.

Kesho yake nilitoka tena, na keshokutwa. Kengele kutoka getini, mkanda dukani. Kwenye daftari niliandika kwa wino mwekundu, kwa mwandiko wangu unaolala: *Kosa: kengele ya mkanda inalia bila abiria. Chanzo: umeme.* Nikalifunga. Kwa fundi sikwenda. Ningekwenda kusema nini? Nilianza kumpasha habari za mtaa. Nilimwambia jirani amepaka nyumba rangi ya dawa ya meno. Nilimwambia duka jipya la dawa limeandika ukutani "Tunapima mcho," na nikanyamaza kidogo, nimpe nafasi ya kucheka. Mtu anaweza kuona ni uchizi. Na aone. Nilikuwa na mtu wa kubishana naye tena.

Halafu nikaanguka bafuni. Si anguko la kusimulia, niliteleza tu, lakini nililala juu ya vigae saa mbili kabla sijaweza kujiinua, na jioni simu ilipolia nilichelewa kupokea. Binti alikuja siku ya pili yake na basi la kwanza.

"Baba, hapa hukai tena peke yako," akasema. "Nimeshapanga. Chumba chako kipo."

"Na gari?"

"Nakaa ghorofa ya nne, Baba. Hata pikipiki haina pa kuegesha."

Nilikubali shingo upande. Yeye ndiye aliyempata daktari wa meno. Na daktari wa meno ndiye aliyeweka lile sharti la kengele, nami nikaona mlango umebaki wazi kidogo. Kengele isipotengenezeka, hanunui. Asiponunua, siwezi kuliacha Sanduku peke yake uani. Nisipoliacha, siendi popote. Hesabu yangu ilikuwa hiyo, na ilinipa usingizi.

Alhamisi nililipeleka kwa Waya. Ni mwanamke wa miaka arobaini hivi, fundi umeme wa magari, na jina hilo alipewa na wateja mpaka mwenyewe akaliandika mlangoni. Gereji yake ni nadhifu kuliko jiko langu. Spana zimetundikwa ukutani, kila moja na kivuli chake kilichochorwa kwa rangi nyuma yake, ili ikikosekana ijulikane.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu."

"Haya, Sanduku leo limeamka na nini?"

"Kengele ya mkanda. Lakini usijisumbue sana. Umeme wa magari haya unaujua mwenyewe. Ukishindwa nitaelewa kabisa."

Akanitazama kwa jicho la pembeni. "Mzee, mbona unanifundisha kushindwa?"

Alichomeka kompyuta yake chini ya usukani, akangoja, akasoma. Nilisimama nyuma yake na mikono mfukoni.

"Inasema kuna mtu," akasema.

"Nani?" Neno lilinitoka kabla sijalizuia.

Waya akageuka taratibu. "Haisemi nani, mzee. Inasema kuna mtu tu."

"Kwa hiyo umeme umeharibika."

"Hapana, ndiyo ajabu yake. Waya zote nzima. Kila kitu kinajibu. Chini ya hii ngozi kuna kitu kama karatasi, kinasikia uzito. Mtu akikaa, kinakandamizwa, gari linajua. Sasa hiki kimekandamizwa. Sijui na nini."

"Tuliache basi. Nitarudi wiki ijayo."

"Ni bolti nne tu, mzee. Kaa hapo."

Nikakaa juu ya tairi. Aliipata spana aliyoitaka bila kuangalia ukutani. Bolti ya kwanza ilikuwa ngumu, nikapata matumaini. Ya pili ililegea haraka. Alipomaliza ya nne alikiinua kiti, akakilaza kwa nyuma, akamulika tochi chini yake. Akaingiza mkono mpaka kiwiko.

"Ah," akasema.

Alichokitoa kilikuwa kibweta cha kahawia chenye mpira umezungushwa katikati. Ule mpira niliuzungusha mimi, miaka mingi nyuma, bawaba yake ilipovunjika. Waya alikifuta kwenye ovaroli lake, akanikabidhi kwa mikono miwili.

"Kilidumbukia hapa pembeni kikaingia chini," akasema. "Kikakaa zake. Kiti kiliposogezwa nyuma kikabanwa na chuma, kikawa kinaisukuma ile karatasi kwa chini. Gari lako halikuwa na kosa, mzee. Lilikuwa linasema kweli."

Niliutoa mpira. Miwani ilikuwa ndani, nzima, na kitambaa chake cha kufutia kimekunjwa mara nne.

Sikutafuta kote. Sijawahi kumwambia mtu hili. Siku ile nilishuka kwenye maegesho ya hospitali, mvua inanyesha, nina njaa, na muda wa kuona wagonjwa ulikuwa umebaki robo saa. Nilifungua mlango, nikatazama juu ya kiti, nikatazama dashibodi, nikafunga mlango. Sikuinama. Sikuingiza mkono. Wala sikulowa bega. Kisha nikapanda juu nikamwambia mtu aliyeishi kwa macho yake kwamba nimetafuta kote, na aliposema ipo, nikasingizia dawa. Miaka yote nililitetea gari hili mbele ya kila aliyelicheka, halafu siku lilipokuwa limemshikia mke wangu kitu chake, nililisingizia umeme. Nilijichukia pale kwenye tairi kama sijawahi.

Waya alikuwa amesharudisha kiti na bolti zake. Akawasha gari. Hakuna kitu. Injini tu, laini.

"Imenyamaza!" akasema kwa furaha ya fundi, kisha akaniona. Akazima. "Ni ya nani, mzee?"

"Ya mke wangu."

"Pole sana." Akatafuta la kuongeza. "Angalau imepatikana."

"Ilikuwa hapo siku zote," nikasema. Kisha nikasema jambo la kipuuzi. "Waya, irudishe."

"Nirudishe nini?"

"Miwani. Pale pale ilipokuwa."

"Kengele italia."

"Najua."

Alichukua kitambaa akafuta mikono, kidole kimoja kimoja, kwa muda mrefu kuliko uchafu wenyewe ulivyokuwa. "Naweza," akasema. "Lakini haitakuwa ileile, mzee. Itakuwa ni mimi nimeiweka."

Nilikifunga kibweta kwa mpira wake, nikamlipa. Nikaondoka.

Njiani gari lilikuwa kimya kuliko nilivyolijua. Nilisikia mambo ambayo sikuwahi kuyasikia, saa ya dashibodi, pumzi zangu. Sanduku jeupe lilinijia kwa mbele likawasha taa mara mbili, nikalipita bila kujibu. Nilipofika duka la kona mkono wangu ulijinyoosha wenyewe kuelekea mkanda wa abiria. Niliushika, nikauachia.

Jioni binti alipiga simu.

"Umekula?"

"Sijala."

Hakuwa amezoea jibu hilo. "Kengele imepona?"

"Imepona. Haikuwa umeme. Ilikuwa miwani ya mama yako, chini ya kiti chake." Nilikuwa nimepanga maneno kwa mstari, yakavurugika. "Mwanangu, siku ile hospitali nilimwambia nimetafuta. Sikutafuta. Nilifungua mlango nikafunga. Alisema ipo, na ilikuwepo."

Nilisikia akikaa chini mahali fulani, kiti kikalia.

"Aliniambia na mimi," akasema hatimaye. "Nilipokuja ile wikendi. Aliniambia, nenda kaniangalizie garini, ipo. Nilikuwa nimeshasimama, Baba. Nina funguo mkononi. Halafu nikakaa. Nikamwambia, mama, Baba akisema ametafuta, ametafuta."

"Akasemaje?"

"Akasema sawa."

Hatukukata simu. Nilimsikia analia, naye bila shaka alinisikia. Hakuniambia nisijali. Namshukuru kwa hilo. Mwisho aliniuliza kama nitauza, au nimebadili mawazo.

"Nauza," nikasema. Nilikuwa nalishikilia Sanduku kwa ajili ya mtu aliyekaa kwenye kile kiti, na mtu huyo alikuwa anadai miwani yake tu.

Ijumaa nililiosha gari mwenyewe, kwa mpira wa maji, nje tu, kwa kuwa ndani siku hizi hawaruhusu. Kisha nikakaa mezani na daftari na kalamu yake nyekundu. Nilitafuta ule mstari wa kengele. Neno *umeme* nikalikata kama alivyokuwa akikata yeye, mstari mmoja ulionyooka na kijikia kilichopinda mwishoni, alama yao wasahihishaji ya kuondoa. Juu yake nikaandika: *mume wangu hakutafuta.*

Jumamosi saa nne daktari wa meno alifika na mkewe kwa teksi. Nilimkabidhi funguo mbili na daftari. Alilifunguafungua akatabasamu.

"Hii ni hazina," akasema. "Historia yote! Nani aliandika?"

"Dereva wa Pembeni."

Alifikiri ni utani wa wazee, akacheka kwa heshima. Nilimwonesha kitufe cha kuliinua likiamka limepiga magoti, na nikamweleza habari za kuwasha taa mara mbili. "Usipojibu watu wanaumia," nikamwambia. Akaahidi. Mkewe alipanda upande wa abiria, akaweka mkoba, akautoa, akauweka tena. Daktari akawasha.

Kengele ikalia.

Aliteremsha kioo, uso umekunjamana. "Mzee, si ulisema imepona?"

"Imepona," nikasema. "Mama hajafunga mkanda."

"Ngojeni basi nikae vizuri!" mke akasema, na daktari akaguna, gari likaanza kutoka.

Nilisimama getini nikisikiliza. Vioo vilikuwa wazi na mtaa ulikuwa mtulivu, kwa hiyo niliisikia vizuri, ikipita nyumba ya jirani yenye rangi ya dawa ya meno, ikipita na ya pili. Ikanyamaza hapo. Duka la kona lilikuwa bado mbali. Nilijikuta nimekasirika, kana kwamba mtu amekosea mahali pa kuweka nukta, kisha hasira ikaisha na nikabaki pale mpaka gari likakata kona.

Saa nane binti alikuja kunichukua. Mizigo ilikuwa mikoba miwili na boksi moja. Aliuliza kama kuna kitu kingine cha kupakia, akanyoosha mkono kupokea kibweta nilichokuwa nimekishika. Nikamwambia hapana, hiki nakishika mwenyewe. Kwenye basi nilikiweka mapajani njia nzima, mkono juu yake, ili nikiulizwa tena nijue kilipo.